Amana Iliyopotea Mikononi mwa Wengi

Desturi ya kumtoa mtoto alelewe na mtu mwingine si ngeni kwetu. Mjomba aliye mjini huomba mpwa wake akasome kwake. Bibi aliyebaki peke yake huletewa mjukuu wa kumtekea maji. Yatima hugawanywa kwa ndugu za marehemu, kila mmoja akachukua wake. Watoto wengi wamepata heri kwa desturi hiyo, nasi twawajua watu wazima ambao mpaka leo huwaita walezi wao baba na mama. Walakini mtoto aliyetolewa kwao ni amana, tena amana iliyo ngumu kuliko zote. Ukiwekewa fedha, mwenyewe atarudi kuzihesabu. Ukiwekewa mtoto, huenda mwenyewe yu mbali, au amekwisha kufa, na mtoto hana kinywa cha kujidai.

Kwa sababu hiyo mataifa mengi yameajiri watu, wakapewa mshahara, ili wawe macho na kinywa cha mtoto wa namna hiyo. Katika habari za leo twataka kusimulia mambo mawili yaliyotukia Uingereza, moja mwaka 1945 na moja mwaka 2000, tuone ni nini hutokea watu hao wasipotimiza kazi waliyokubali kuifanya.

Jambo la kwanza ni la mtoto Dennis O'Neill. Alizaliwa mwaka 1932 katika mji wa Newport, upande wa kusini wa Wales. Mwaka 1940 korti ya watoto ya mji huo iliona ya kuwa Dennis na ndugu zake hawatunzwi ipasavyo kwa wazazi wao, ikaamuru watiwe mikononi mwa baraza la mji. Sheria ya Kiingereza ya mwaka 1933 ilimwita mlezi wa namna hiyo «mtu afaaye». Na tuliangalie neno hilo. Baraza la mji ni watu wengi: wajumbe, makarani, wakaguzi wa shule na watunza fedha. Lakini sheria ilisema «mtu», kana kwamba hao wote wamekuwa baba mmoja wa mtoto mmoja. Tutaona jinsi neno hilo lilivyosahauliwa.

Dennis aliwekwa kwanza kwa walezi hawa, kisha kwa wale. Ilipofika mwaka 1944 vita kuu ilikuwa bado inaendelea, watumishi wa mabaraza walikuwa wachache, na watoto wengi walikuwa wamehamishwa mijini kwa sababu ya mabomu, hata nyumba za kuwapokea zikawa haba. Tarehe 28 Juni mwaka huo Dennis alipelekwa katika shamba liitwalo Bank Farm, karibu na kijiji cha Minsterley katika jimbo la Shropshire, akakabidhiwa kwa Reginald Gough na mkewe Esther. Siku chache baadaye mdogo wake, Terence, aliletwa hapo hapo. Ndugu yao wa tatu, aliyekuwa mdogo zaidi, aliwekwa kwa watu wengine wa jirani.

Kanuni za kumweka mtoto kwa walezi zilikuwapo, nazo hazikuwa ngumu. Ilipasa nyumba ichunguzwe kwanza, na watu wake waulizwe habari zao. Ilipasa mtoto apimwe na daktari. Ilipasa mtumishi wa baraza amtembelee mapema baada ya kuwekwa, kisha tena na tena kwa muda uliopangwa, amtazame kwa macho yake na kuandika aliyoyaona. Kama mojawapo tu ya mambo hayo lingalifanywa vema, yamkini Dennis angaliishi. Gough alikuwa mtu wa ukali, na mtu ambaye angaliuliza habari zake kwa jirani angaliambiwa. Hakuna aliyeuliza. Daktari hakuitwa kumpima mtoto. Miezi karibu sita ikapita kabla ya mtumishi wa baraza kufika shambani kumkagua.

Aliyefika, tarehe 20 Desemba 1944, alikuwa karani kijana wa kike. Hakuwa mkubwa wa ofisi, wala hakuwa mjuzi wa kazi hiyo. Walakini alifanya lile ambalo wengine hawakulifanya, yaani alimtazama mtoto. Akaona ya kuwa Dennis ni mgonjwa, tena ana hofu. Akamwambia Bibi Gough amwite daktari, naye aliporudi akaandika habari ya kuwaonya wakubwa wake. Basi hapo ingepasa mtu kuondoka siku ile ile kwenda kumtwaa mtoto. Lakini shauri likakaa ofisini. Noeli ikaja ikapita, mwaka mpya ukaja ukapita. Tangu siku karani alipomwona mpaka siku ya kifo zilikuwa siku 20.

Tarehe 9 Januari 1945 daktari aliitwa Bank Farm kwa simu. Alipofika alimkuta Dennis amekwisha kufa, tena kwa saa kadhaa. Walioichunguza maiti walisema ya kuwa moyo wake ulishindwa kwa sababu alipigwa kifuani, na mgongoni alipigwa kwa fimbo, katika mwili uliokwisha kudhoofika kwa njaa. Miguuni alikuwa na vidonda vilivyooza. Umri wake ulikuwa miaka 12.

Mwezi wa Machi kesi ilisikilizwa katika mji wa Stafford. Shahidi mkubwa alikuwa Terence, mtoto wa miaka kumi, aliyesimama mbele ya majaji na mawakili akaeleza chakula chao kilikuwa nini, na jinsi walivyopigwa. Reginald Gough alionekana ana hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 6. Mkewe akafungwa miezi 6 kwa kutomtunza mtoto. Kwa upande wa korti mambo yaliishia hapo. Lakini watu wa Uingereza walikuwa na swali jingine. Gough alikuwa mwovu, hilo lilijulikana. Je, ni nani aliyemtia mtoto mikononi mwa mwovu, akaenda zake?

Serikali ikamteua Sir Walter Monckton, mwanasheria, achunguze jambo hilo, naye alitoa habari zake mwezi wa Mei 1945. Aliyoyaona yafaa kusomwa na kila mtu aliyeajiriwa kutunza watu. Mtoto alikuwa wa baraza la Newport, lakini shamba lilikuwa katika eneo la baraza la Shropshire. Newport walidhani ya kuwa Shropshire watamwangalia, kwa kuwa wapo karibu. Shropshire hawakudhani ya kuwa mzigo huo umekwisha kuwa wao, kwa kuwa mtoto si wao. Barua zilikwenda na kurudi, na maneno yake hayakuwa wazi, hata kila upande ukabaki na moyo mtulivu. Wahenga walisema kwamba manahodha wawili huzamisha jahazi. Hapa waliizamisha bila hata kugombana, kila mmoja akiamini kwamba usukani uko mkononi mwa mwenziwe.

Tukitazama sana tutaona jambo la kutisha. Katika ofisi zile mbili hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemchukia Dennis, wala aliyekusudia afe. Kila mmoja alifanya sehemu ya kazi: mmoja alimsafirisha, mwingine alitia jina lake daftarini, wa tatu alipeleka barua, wa nne aliipokea. Ukihesabu kazi hizo zote, moja haimo, nayo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe: kumwangalia mtoto mpaka uwe na hakika ya kuwa yu salama. Twakubali ya kuwa vita ilipunguza watumishi, na kwamba waliobaki walichoka. Lakini uchovu ulipunguza matembezi ya kwenda shambani, barua haukuzipunguza.

Hata kabla Dennis hajafa, wako watu waliokuwa wakionya. Tarehe 15 Julai 1944, siku chache tu baada ya watoto wale kufika Bank Farm, gazeti la The Times lilichapisha barua ya Lady Allen wa Hurtwood iliyoeleza hali mbaya ya watoto wanaolelewa mbali na kwao, na kutaka uchunguzi ufanywe. Serikali ilikubali kuunda kamati, na kifo cha Dennis kikafanya isiwezekane tena kuchelewa. Kamati hiyo iliteuliwa Machi 1945 chini ya Bibi Myra Curtis, ikatoa habari zake mwaka 1946. Ilihesabu watoto karibu 125,000 waliokosa maisha ya kawaida ya nyumbani, na ikaona ya kuwa mashauri yao yamegawanywa kwa wizara nyingi, hata hapakuwa na mmoja wa kuulizwa. Basi ikatungwa Sheria ya Watoto ya mwaka 1948. Kila baraza la jimbo na la mji mkubwa liliamriwa kuwa na kamati ya watoto, na kumweka afisa mmoja wa watoto ambaye kazi yake ni hiyo. Kwa maneno mengine, sheria ilijaribu kumrudisha yule «mtu» aliyepotea kati ya watu wengi.

Hayo yalikuwa mema, na watoto wengi walipata nafuu. Lakini sheria ni kama boma la miiba: lisipotiwa miiba mipya kila mwaka, fisi atapita. Jambo la pili tutakalolisimulia lilitukia baada ya miaka 55, katika mji wa London, nalo lamhusu mtoto wa Afrika.

Victoria Climbié alizaliwa mwaka 1991 karibu na Abidjan, nchi ya Kodivaa. Wazazi wake walikuwa hai, tena walimpenda. Mwaka 1998 alikuja Marie-Thérèse Kouao, shangazi wa baba yake aliyekaa Ulaya, akaomba mtoto amchukue akamsomeshe. Wazazi wakakubali, kama wengi wetu ambavyo tungekubali. Kouao alimpeleka kwanza Ufaransa, kisha mwezi wa Aprili 1999 akaingia naye Uingereza. Hati ya safari aliyoitumia ilikuwa ya mtoto mwingine aliyeitwa Anna, na kwa hiyo Victoria akaitwa Anna. Wote walioandika habari zake huko waliziandika kwa jina lisilo lake. Shule, ambayo ndiyo sababu ya kutolewa kwao, huko Uingereza hakuingia hata siku moja.

Waliofumbua macho kwanza hawakuwa watu wa mshahara. Mwanamke mmoja wa jamaa alimwona njiani, akapiga simu kwa watu wa ustawi wa jamii kuwaeleza mashaka yake. Baadaye, mwezi wa Julai, binti wa bibi aliyekuwa akimtunza Victoria mchana alimpeleka hospitali kwa sababu ya majeraha aliyoyaona. Daktari mkubwa wa hospitali hiyo alisema ya kuwa ni upele tu, na kesho yake mtoto akarudishwa kwa Kouao. Siku chache baadaye alipelekwa hospitali ya pili, amebabuka kichwani kwa maji ya moto. Huko wauguzi waliona alama nyingine mwilini mwake, walakini mambo waliyoyaona hayakufika yote kwa wale waliopaswa kuamua, na tarehe 6 Agosti akatolewa tena. Polisi aliyepaswa kwenda kuitazama nyumba hakwenda, kwa kuogopa kuambukizwa upele. Mtumishi wa ustawi wa jamii alikwenda mara chache, kwa miadi, hata nyumba ilikuwa imetayarishwa kabla hajafika. Na mara hizo mtoto mwenyewe hakuzungumziwa ila kidogo.

Wakati huo wote Kouao alikuwa akikaa na mtu aliyeitwa Carl Manning, dereva wa basi, na hao wawili walikuwa wakimtesa mtoto. Katika miezi ya baridi walimlaza ndani ya bafu, amefungwa katika mfuko wa plastiki. Alikufa hospitalini tarehe 25 Februari 2000, akiwa na miaka 8. Madaktari walihesabu majeraha na makovu 128 katika mwili wake. Na siku ile ile aliyokufa, ofisi ya ustawi wa jamii iliyokuwa na jalada lake ililifunga, kwa kuwa shauri lilidhaniwa limekwisha.

Kouao na Manning walihukumiwa Januari 2001 kufungwa maisha. Kisha Lord Laming aliamriwa kuchunguza, akatoa kitabu chake mwaka 2003. Alionyesha ya kuwa Victoria alijulikana kwa watu wa ustawi wa jamii wa mabaraza manne, kwa hospitali mbili, na kwa vikosi viwili vya polisi wa kulinda watoto; tena alionyesha nyakati zisizopungua 12 ambazo mtu mmoja, kwa kufanya tu kazi yake ya kila siku, angaliweza kumwokoa. Hakutaka ushujaa. Kupiga simu ya pili, kusoma jalada mpaka mwisho, kumwuliza mtoto neno kwa lugha aijuayo: hayo yangalitosha. Kutokana na uchunguzi huo ilitungwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2004.

Sasa na tuulize: matokeo ya kuacha wajibu humwangukia nani? Kwanza humwangukia asiye na kosa. Dennis na Victoria hawakuvunja kanuni yoyote, nao ndio waliolipa kwa roho zao. Kisha huwaangukia walio wao. Wazazi wa Victoria walimtoa mtoto akasome. Waliletewa habari ya maiti. Terence aliishi na mambo yale maisha yake yote, na mwaka 2010, miaka 65 baada ya kifo cha kaka yake, akatoa kitabu kuyasimulia.

Tatu humwangukia mtumishi mwenyewe. Baada ya kifo cha Victoria baadhi ya watumishi walifukuzwa kazi, na mmoja wao aliandikwa katika orodha ya watu wasioruhusiwa kufanya kazi ya watoto. Lakini hapa twapaswa kupima kwa haki. Mtumishi huyo alikata rufani, na mwaka 2005 baraza la rufani likaamua ya kuwa hakustahili kuwekwa katika orodha hiyo, kwa maana waliokuwa juu yake walimpa mzigo mzito wasimwongoze ipasavyo. Lord Laming naye alikuwa amekwisha kusema ya kuwa lawama isiwaangukie wadogo peke yao, bali na wakubwa waliokuwa na vyeo na wasijue yatendekayo chini yao. Maneno haya ni ya kweli mahali pengi. Mwuguzi mmoja akiachiwa wagonjwa wa zamu tatu, siku atakapokosea ataitwa yeye. Yule aliyepanga zamu hataitwa. Basi mkubwa asidhani ya kuwa akiisha kutoa amri amekwisha kufanya kazi. Kukagua kama amri imetimizwa ni sehemu ya amri yenyewe.

Nne, huiangukia imani ya watu. Mama akisikia ya kuwa katika zahanati fulani mtoto alifukuzwa bila kutazamwa, atamficha mtoto wake nyumbani, hata siku atakapokuwa mgonjwa sana. Kosa la mtumishi mmoja laweza kuwafungia mlango wagonjwa mia wasiomjua hata jina.

Sisi tuliosoma habari hizi tusizisome kama mambo ya Wazungu na miji yao. Miongoni mwetu wako waalimu, wauguzi, wakunga, na mabibi wanaowalinda watoto wadogo wazazi wakiwa shambani. Mwalimu aonaye mtoto akija darasani na alama za fimbo zisizo za michezo, na kusema moyoni kwamba hayo ni ya nyumbani kwao, amekwisha kusimama mahali pa karani aliyeiweka barua mezani. Jirani asikiaye kilio kila usiku naye amekwisha kupewa habari. Na ikiwa umempeleka mtoto wako kwa jamaa aliye mbali, usiridhike na salamu za kuambiwa ya kuwa hajambo. Nenda, au tuma mtu umwaminiye, amwone mtoto, azungumze naye peke yake, atazame anapolala na anachokula.

Yule karani kijana wa Newport hakuwa na cheo, na onyo lake halikumwokoa Dennis, kwa sababu walio juu yake hawakuondoka vitini. Hata hivyo, katika habari hii yote, yeye ndiye aliyefanya kazi aliyotumwa. Alifika, akamtazama mtoto, akaandika kweli aliyoiona. Laiti wa pili wake angalipatikana katika siku zile 20.